Kununua kigari kidogo kilichotumika na kujua kinakula mafuta kiasi gani kweli

Kila mtu akienda kuangalia kigari kidogo swali la kwanza ni "inakulaje mafuta?" na kila muuzaji jibu lake ni "aah hiyo inanusa tu". Mimi hilo swali nimeshaacha kuuliza manake halina jibu, muuzaji mwenyewe hajawahi kupima, anakwambia kile alichoambiwa na yeye siku anainunua. Ninachofanya ni kuikagua gari kama mtu anayetafuta sababu za hiyo gari kunywa mafuta, halafu nikishainunua naanza kuandika kuanzia tenki la kwanza kabisa. Watu wanaona kukagua na kuandika ni kazi mbili tofauti, kwangu ni moja, kwa sababu magonjwa mengi ya injini, breki na tairi yanaonekana kwenye mafuta kabla hujaanza kuyasikia kwa masikio.

Kwanza ujue unaangalia gari gani

Jina lililobandikwa kwenye buti halitoshi. Majina yenyewe yanabadilika, Toyota Vitz ya Japani kwingine iliuzwa kama Yaris, Honda Fit ndiyo Jazz, Nissan March ndiyo Micra, Mazda Demio ndiyo Mazda2, sasa ukitafuta habari za gari yako kwa jina moja tu unakosa nusu ya mambo. Halafu chini ya jina moja kuna gari kadhaa. Chukua Vitz ya kizazi cha pili: namba ya chesisi ikianza na KSP90 hiyo ni silinda tatu, cc 996, SCP90 ni ya 1300, NCP91 ni ya 1500, na NCP95 ni 1300 ila inavuta magurudumu yote manne. Ukizipanga mstari mmoja mtu wa kawaida hazitofautishi, lakini hiyo ya 4WD ina propela shafti na difu ya nyuma, ina uzito zaidi na vyuma vingi zaidi vya kuzungusha, huwezi kuitegemea ile sawa na mwenzake. Kwa hiyo kabla hata ya kuuliza bei omba namba ya chesisi, kaa chini uisome.

Na cc nazo zisikudanganye. Kiinjini cha 1000 ukiwa peke yako kwenye mitaa tambarare ni kitamu kweli, ila kipakie watu watano na mizigo kisha kipandishe milima, utakuta mguu uko chini muda wote na ya 1300 inaweza ikala sawa nayo au hata pungufu. Kama safari zako nyingi ni ndefu na umebeba watu, ukubwa kidogo wa injini siyo anasa.

Zile namba za ulaji zilizoandikwa kwenye makaratasi ya gari siyo uongo, ila zimepimwa maabara, gari iko juu ya rola, AC kwa kawaida imezimwa, dereva anafuata mchoro wa mwendo sekunde kwa sekunde. Kipimo cha zamani cha Japani kilichoitwa 10-15 mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 70 kwa saa, kikaja JC08 kikafika 81.6, siku hizi wanatumia WLTC. Ulaya walikuwa na NEDC mpaka 2017 walipoanza kuhamia WLTP ambayo iko karibu zaidi na barabara. Marekani kuanzia gari za modeli ya 2008 waliingiza mwendo wa kasi, AC na hali ya baridi kwenye hesabu, ndio maana namba zao zinaonekana ndogo. Kwa hiyo gari ile ile unaweza kuikuta na namba tatu tofauti na hakuna aliyedanganya, wewe ukilinganisha gari mbili hakikisha zimepimwa kwa kipimo kimoja basi. Na ukikutana na maili kwa galoni angalia ni galoni ya nani: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Hiyo 30 ya Marekani ni kama kilomita 12.75 kwa lita, 30 ya Uingereza ni 10.6 tu.

Siku ya kwenda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, na ukifika kabla hata salamu hazijaisha weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na hakuna safari iliyotajwa, mtu ameipasha ili usione inavyowaka ikiwa baridi, subiri ipoe au rudi kesho yake. Injini ya baridi haijui kuficha.

Washa swichi tu kwanza, usipige stata. Taa ya cheki injini lazima iwake, ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa mtu ameichokoa, ametoa balbu au ameifunika kwa ndani, na hapo mimi huwa naaga. Ukishaiwasha mtu mwingine akae nyuma aangalie ekzosi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni maji tu, unapotea injini ikipata moto, lakini moshi mweupe mzito usioisha ni maji ya rejeta yanaungua humo ndani, gasketi ya hedi hiyo. Wa bluu ni oili. Mweusi ndio unaotuhusu zaidi, maana yake petroli inaingia nyingi kuliko inavyochomwa, yaani unaona hela ikitoka kwa nyuma. Injini ya silinda tatu itatetemeka kidogo ikiwa sailensi, yaani inaunguruma gari imesimama, hilo ni la kawaida yake usiogope, ila mtetemeko wa kuruka ruka kama mtu anakohoa siyo wa kawaida.

Sasa hapa kwenye joto la injini naomba tukae kidogo manake ndipo watu wengi wanapoibiwa mafuta bila kujua. Injini ikiwa ya baridi kompyuta inaongeza petroli ili iweze kuzunguka vizuri, ikishapata moto inapunguza. Kinachoifanya ipate moto haraka na ibaki hapo ni themostati. Sasa kuna gari ilikuwa inachemsha, badala ya kutafuta kwa nini inachemsha fundi akang'oa themostati akaitupa, gari ikaacha kuchemsha, kila mtu akafurahi. Lakini kuanzia siku hiyo injini inachelewa sana kupata joto lake, ukienda kasi upepo unaipoza tena, kompyuta inadhani ndiyo kwanza asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta. Utaijuaje? Vigari vingi vidogo havina geji ya joto, vina kitaa cha bluu cha kuonyesha injini ni ya baridi na chekundu cha kuonyesha imezidi. Pima muda, kile cha bluu kikichukua dakika kumi na tano unaendesha bado kinawaka, au kikizima halafu kinarudi ukiwa barabara kuu, themostati haipo au imekwama wazi. Kifaa chenyewe ni kidogo na siyo kazi ya siku nzima, ila jiulize pia ile sababu ya kwanza iliyofanya itolewe ilitibiwa lini.

Kama unaweza kuazima kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kile cha OBD kinachoongea na simu, kiazime. Gari za Marekani zinacho kiunganishi hicho tangu 1996, za petroli za Ulaya tangu 2001, za soko la ndani la Japani za zamani kidogo mara nyingine zinagoma kuongea na hivi vifaa vya bei rahisi. Ukikipata usiishie kusoma kodi za makosa, mtu anaweza kuwa amezifuta nusu saa iliyopita. Angalia vile vipimo vya kujipima vya gari, kama vingi vinaandika havijakamilika ujue kompyuta imefutwa au betri imechomolewa karibuni, na muulize mwenye gari kwa upole. Kisha tafuta asilimia ya fueli trimu ya muda mrefu. Hiyo ndiyo inaonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani kutoka kwenye hesabu yake ya kiwandani. Karibu na sifuri ni afya, tano juu au chini hakuna shida, ikipita kumi kwenda juu kuna hewa inapenya kwenye injini bila kupimwa au pampu ya mafuta imechoka au nozeli zimeziba au sensa ya hewa ni chafu, ikishuka chini ya kumi hasi nozeli zinavuja au kuna sensa inadanganya. Dakika tano tu hizo, na kwa upande wa mafuta utakuwa unaijua hiyo gari kuliko anayekuuzia.

Vitu vingine napita haraka. Kifuniko cha oili kifungue, ute wa rangi ya maziwa siyo dalili nzuri ingawa gari ya safari fupi fupi inaweza kuwa nao kidogo. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, gari iliyozama kwenye maji huacha mstari wa tope pale ambapo hakuna anayekumbuka kuosha. Bolti za bampa na mapaja ya mbele kama zimechubuka rangi, zimefunguliwa, huenda iligongwa. Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma kila siku, wewe angalia raba ya pedali ya breki, usukani unavyong'aa, na ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, hivyo vitatu vikikwambia laki mbili na dashibodi inasema elfu sabini, amini kiti. Tairi zina namba nne ubavuni za wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Nne za makampuni manne tofauti zinakwambia mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani.

Ukiiendesha, iendeshe nusu saa siyo kuzunguka kona moja na kurudi. Kama ni ya CVT, ile giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, sikilizia inavyoondoka taratibu kutoka kusimama, ikitetema kama inataka na haitaki, oili yake imechoka au mkanda wa ndani umeanza kuisha, na hiyo ya pili ni kubadilisha giaboksi. Sehemu tambarare isiyo na watu weka gia nyutro ikiwa mwendo mdogo na uiache iserereke, gari yenye afya inateleza mbali mpaka unachoka kusubiri, yenye breki zinazoshika inasimama kama imefungwa kamba. Ukishuka sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa, moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili umeshapata la kuongea kwenye bei.

Umeinunua, sasa daftari

Badilisha oili na plagi, weka upepo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva siyo anachokumbuka mjaza upepo, kisha nenda ukajaze fulu tenki. Pampu ikikatika mara ya kwanza, acha. Usimwambie mtu aendelee kubonyeza bonyeza ili namba ikae sawa, kwanza unaharibu kipimo, pili petroli inaweza kuingia kwenye mfumo wa kunasa mvuke ambao haukutengenezwa kubeba petroli ya maji. Andika odomita nzima siyo tripu peke yake, tripu siku moja mtu ataibonyeza. Endesha maisha yako ya kawaida, na ukienda kujaza tena jaza fulu kwa mtindo ule ule, ikiwezekana pampu ile ile gari imekaa upande ule ule.

Mfano, odomita imeongezeka kilomita 412 na zimeingia lita 27.3. Gawanya 412 kwa 27.3 unapata 15.1, ndizo kilomita kwa lita moja. Ukitaka kwa lita za kila kilomita 100 gawanya lita kwa kilomita uzidishe mara 100, inakuja 6.6. Mimi daftari bado naliandika kwa kilomita kwa lita kama mtaani, ila nikilinganisha natumia hii ya pili, kwa sababu hii ya kilomita kwa lita inapotosha macho. Gari ikitoka 8 ikaenda 10 umeokoa lita 2.5 kila kilomita 100, ikitoka 16 kwenda 20, ambayo inaonekana ni mruko mkubwa mara mbili, umeokoa lita 1.25 tu. Yaani mwenye gari linalokunywa akirekebisha kidogo anaokoa kuliko mwenye gari la kunusa akirekebisha sana.

Kama wewe ni wa kuweka lita tano tano wala usijali, wengi ndivyo tulivyo, andika kila lita inayoingia hata mbili, siku ukipata nafasi ya kujaza fulu jumlisha zote tangu fulu iliyopita ugawanye hapo. Kinachoua hesabu ni ile moja uliyosahau kuandika. Na usifanye hesabu kwa kusubiri kitaa cha mafuta kiwake, kile kinategemea umesimama mlimani au tambarare.

Tenki moja halina maana. Pampu inaweza kukatika lita moja na nusu mapema au kuchelewa, kwenye ujazo wa lita 35 hilo ni kosa la asilimia nne hivi, kwenye ujazo wa lita 10 ni asilimia 15, ukienda kutangaza gari yako inakula 18 utaaibika tenki linalofuata. Subiri matano. Na ukitafuta wastani usijumlishe majibu ukagawanya, jumlisha kilomita zote ugawanye kwa lita zote. Kilomita 480 kwa lita 30 ni 16, kilomita 120 kwa lita 10 ni 12, mtu wa haraka anasema wastani 14, lakini ni kilomita 600 kwa lita 40, yaani 15.

Kuna mtego mmoja wa tairi. Gari iliyotoka kiwandani na 175/65R14 kipenyo chake ni milimita 583, mwenye gari wa kwanza akaweka rimu nzuri na 185/60R15 ambayo ni 603, sasa kila gurudumu likizunguka mara moja unaenda mbali zaidi ya anavyohesabu odomita, kama asilimia 3.4. Daftari litakuonyesha gari inakula zaidi kuliko ukweli. Mwenye tairi ndogo kuliko za kiwandani ndiye anayejisifu bure. Pima na ramani ya simu kwenye safari ndefu ya kilomita mia hivi, upate tofauti yako, uizidishe humo.

Ile namba ya wastani kwenye dashibodi usiitupe lakini usiiamini, ya kwangu inasoma 17 na kitu wakati daftari linasema 15. Inafaa kulinganisha leo na jana, siyo kujua ukweli.

Namba ikishuka

Pembeni ya kila tenki acha nafasi ya maneno machache: foleni, safari, AC muda wote, mvua, mizigo. Bila hayo maneno namba utaisoma vibaya. Foleni ya nusu saa injini inaunguruma huku husogei inakupa kilomita sifuri kwa lita, hakuna kifaa cha kubana mafuta kitakachorekebisha hiyo, na vile vidude vya kuchomeka vinavyouzwa eti vinapunguza ulaji achana navyo kabisa. Barabara kuu nayo, ukipita 80 hivi kwa saa upepo unaanza kuwa mzigo mkubwa, ukinzani wake unapanda kwa mraba wa mwendo, kutoka 80 kwenda 110 unasukuma hewa karibu mara mbili ya ile ya mwanzo. Upepo wa tairi ukipungua unakula kidogo kidogo, pungufu ya psi 5 kwenye zote nne ni kama asilimia moja, siyo yale maajabu yanayosemwa, ila tairi linaisha pembeni. Na filta ya hewa, kwenye gari za nozeli filta chafu inakuondolea nguvu zaidi kuliko inavyokuongezea ulaji, kwa sababu kompyuta inapima hewa iliyoingia na kuweka mafuta ya hewa hiyo. Badilisha ikiwa chafu lakini usitegemee muujiza.

Mimi nikiona tenki moja baya nanyamaza. Matatu mfululizo ndio natoka na tochi. Mwaka jana ilitoka 15 ikaja 14.1, nikasema foleni, ikaja 13.4, nikasema AC, ikaja 12.7 na pembeni nilikuwa nimeandika "safari, AC imezimwa", hapo visingizio vikaisha. Gari ilikuwa haina mlio, haivuti upande, taa hakuna. Nikaisereresha pale pale ninapoipeleka kila siku, ikasimama mbele kidogo tu ya nguzo ambayo siku ya kwanza iliipita mbali. Nikazunguka na kiganja, mbele zote sawa, nyuma kulia ya baridi, nyuma kushoto unasikia joto kabla hujafika. Kebo ya handibreki ilikuwa imeota kutu ndani ya mpira wake, ukishusha handibreki yenyewe inarudi nusu na viatu vya breki vinabaki vinasugua dramu. Tukabadilisha kebo na viatu, nikaandika kwenye daftari "breki nyuma kushoto", tenki lililofuata likasoma 15.2.